Kutoka Kitanda cha Mgonjwa Hadi Kiti cha Halmashauri: Muuguzi wa Kerry na Maswali ya Ireland ya Leo

Katika mwaka 2024 wananchi wa Ireland waliitwa kwenye masanduku ya kura mara tatu. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, waliulizwa kama wanakubali kubadili maneno ya Katiba yao kuhusu familia na kuhusu matunzo ya wanyonge ndani ya nyumba. Tarehe 7 Juni waliwachagua madiwani 949 wa halmashauri 31. Tarehe 29 Novemba waliwachagua wabunge 174. Kwa anayezisikia kutoka mbali, hizi ni habari za nchi ndogo iliyo pembezoni mwa Ulaya. Lakini tukiziweka pamoja tunaona kwamba zinazunguka swali moja, ambalo hata sisi hatuna budi kujiuliza: mtu ambaye kila siku anawahudumia wagonjwa, wazee na watoto, ana nafasi gani pale ambapo maamuzi ya jamii yanafanyika?

Ili tulielewe swali hili vizuri, tumeona inafaa tumtazame mwanamke mmoja ambaye aliuishi ugumu wake hadi mwisho. Jina lake ni Albinia Brodrick. Alikuwa muuguzi na mkunga, akawa mjumbe wa Halmashauri ya Kaunti ya Kerry katika miaka ambayo wanawake waliokaa katika viti hivyo walikuwa wa kuhesabika. Hakuwa Mkatoliki. Hakuwa pia mtu rahisi. Maisha yake hayana mng'aro wa sanamu, na ndiyo maana yanafundisha.

Kura tatu, swali moja

Katiba ya Ireland ya mwaka 1937, katika kifungu chake cha 41, inatambua mchango ambao mwanamke anautoa kwa taifa kwa maisha yake ndani ya nyumba, na inaitaka Serikali ijitahidi ili akina mama wasilazimishwe na umaskini kwenda kufanya kazi nje na kuyaacha majukumu yao ya nyumbani. Kwa miaka mingi wengi walilalamika kwamba maneno hayo yanamfungia mwanamke jikoni. Serikali ilipendekeza yaondolewe na badala yake yawekwe maneno mapya kuhusu matunzo ambayo wanafamilia wote hupeana, pasipo kumtaja mwanamke wala mama. Pendekezo la pili lilihusu kupanua maana ya familia ivuke mipaka ya ndoa.

Yote mawili yalikataliwa. Pendekezo la familia lilikataliwa na asilimia 67.7 ya waliopiga kura, na lile la matunzo na asilimia 73.9. Ingekuwa kosa kudhani kwamba wote walikataa kwa sababu moja. Wapo walioona, kama walivyoona maaskofu Wakatoliki wa nchi hiyo, kwamba si haki kulifuta neno mama katika Katiba kana kwamba ni aibu, wala kuipunguzia ndoa uzito wake. Wapo pia watu wenye ulemavu na wanaowatunza ndugu zao usiku na mchana, waliosema kwamba maneno mapya yanaubwaga mzigo wote juu ya familia huku Serikali ikijiwekea wajibu mwepesi. Wengine hawakuelewa waliulizwa nini. Hata hivyo jambo moja lilijitokeza waziwazi: wanaobeba kazi ya matunzo walihisi kwamba wengine walikaa mezani na kuandika juu yao, bila wao.

Miezi mitatu baadaye ulifika uchaguzi wa halmashauri. Walioshinda walikuwa wanaume watatu kwa kila mwanamke mmoja, au karibu na hapo. Mwezi Novemba, kati ya wabunge 174, wanawake walikuwa 44, yaani robo tu. Na hii ni nchi ambayo sheria yake inavipunguzia ruzuku vyama visivyosimamisha wanawake angalau asilimia 40 kati ya wagombea wao wa ubunge. Katika uchaguzi wa halmashauri hakuna sharti kama hilo. Aidha, ni mwaka 2022 tu ambapo ilitungwa sheria ya kumwezesha diwani aliyejifungua kupata likizo ya uzazi bila kukipoteza kiti chake. Tangu wanawake wa kwanza wakae katika halmashauri hizo ilikuwa imepita zaidi ya karne moja.

Tiketi ya kumwona daktari

Yapo mazoea ya kufikiri kwamba uuguzi ni jambo la moyo na siasa ni jambo la ubishi, na kwamba aliyeitiwa la kwanza asichafuke kwa la pili. Historia ya Ireland inatuonyesha kwamba mpaka huo haukuwahi kuwapo.

Katika karne ya 19 maskini wa Ireland waliwekwa chini ya sheria iliyoanzisha nyumba za maskini, majengo makubwa na makavu ambamo mume alitenganishwa na mke na wazazi na watoto wao. Karibu na nusu ya karne hiyo zikaanzishwa zahanati za wilaya. Maskini aliweza kutibiwa bure, lakini kwa sharti la kuwa na tiketi. Tiketi hiyo haikutolewa na daktari. Ilitolewa na wajumbe wa bodi ya maskini au maofisa wao, na mara nyingi mjumbe alikuwa mkulima mwenye nafasi, mwenye duka au mwenye baa. Basi mama mwenye mtoto anayeungua kwa homa alipaswa kwanza kubisha hodi kwa mtu ambaye pengine alikuwa anamdai, au ambaye mumewe aligombana naye sokoni.

Tuitafakari tiketi hiyo kwa makini. Kati ya mgonjwa na dawa alisimama mtu aliyechaguliwa kwa kura. Bodi hiyo hiyo ndiyo iliyoamua nani aajiriwe kuwa muuguzi, maziwa kiasi gani yanunuliwe, na paa la wodi lizibwe lini. Katika wodi za nyumba hizo, wagonjwa kwa muda mrefu waliuguzwa na maskini wenzao wasio na ujuzi wowote. Masista wa Huruma walipokubaliwa kuingia katika hospitali ya nyumba ya maskini ya Limerick mwaka 1861, walikwenda kufanya kazi ya upendo. Lakini hata wao walihitaji idhini ya bodi. Hakuna aliyeweza kumtunza maskini kwa ukamilifu bila kupita katika chumba cha kikao.

Wanawake wa Ireland waliliona jambo hilo mapema. Kwa sheria ya mwaka 1896 waliruhusiwa kuchaguliwa katika bodi za maskini, na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1898 ikawafungulia mabaraza ya wilaya. Katika uchaguzi wa kwanza, mwaka 1899, wanawake 85 walichaguliwa katika bodi za maskini. Halmashauri za kaunti na za miji mikubwa zilibaki zimefungwa kwao hadi mwaka 1911. Mara baada ya mlango huo kufunguliwa, mwanzoni mwa mwaka 1912, mchoraji Sarah Harrison aliingia katika halmashauri ya jiji la Dublin, naye daktari Mary Strangman katika ile ya Waterford. Wakati huo hakuna mwanamke yeyote nchini humo aliyekuwa na haki ya kupiga kura ya ubunge. Kwa hiyo mwanamke wa Ireland aliingia katika siasa kwa kupitia mlango wa maskini na wa mgonjwa, kabla hajafunguliwa mlango wa bunge.

Binti wa wenye ardhi

Albinia Brodrick alizaliwa London tarehe 17 Desemba 1861 katika familia ya kikabaila iliyomiliki mashamba makubwa katika kaunti ya Cork. Baba yake alikuwa bwana wa Midleton. Kaka yake, St John Brodrick, alipata kuwa Waziri wa Vita wa Uingereza, na baadaye akawa kiongozi wa wale waliotaka Ireland ibaki chini ya taji la Uingereza. Kwa desturi za tabaka lake, binti kama yeye alitazamiwa aolewe vizuri, au abaki kuwa mwenzi wa ndugu mzee. Naye kweli alikaa miaka mingi akimhudumia baba yake mdogo, aliyekuwa mkuu wa chuo kimoja cha Oxford, hadi mzee huyo alipofariki mwaka 1903.

Alikuwa amevuka miaka 40 alipojifunza uuguzi katika hospitali ya Ashton-under-Lyne, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Katika safari zake kwenye mashamba ya baba yake alikuwa ameuona umaskini wa wapangaji wao, na inaonekana hakuweza tena kuusahau. Baba yake alipofariki mwaka 1907 akapata fedha zake mwenyewe, na mwaka uliofuata akanunua makazi karibu na Caherdaniel, katika pwani ya magharibi ya kaunti ya Kerry.

Mahali hapo pana maana kwa kila Mkatoliki anayeijua historia. Karibu na Caherdaniel iko Derrynane, nyumba ya Daniel O'Connell, mwanasheria aliyewaongoza Wakatoliki wa Ireland hadi walipopata, mwaka 1829, haki ya kuketi katika bunge lililowatawala. Katika ujirani huo ndipo alipokuja kukaa binti wa Kianglikana wa tabaka lililokuwa upande mwingine wa ugomvi ule. Hakuja kubadili dini ya mtu. Alianzisha ushirika wa wakulima, akafundisha habari za lishe, akawauguza majirani walipopatwa na magonjwa ya kuambukiza, na akajifunza lugha ya Kiayalandi. Mahali pake alipaita Ballincoona, jina lenye maana ya makao ya msaada.

Alitaka pawe na hospitali. Alisafiri hadi Marekani kuomba michango, kisha akaanza huduma hiyo. Haikudumu. Fedha zilikwisha, na hospitali ikafungwa.

Tunaomba msomaji asikipite haraka kipengele hiki. Huyu alikuwa muuguzi mwenye ujuzi, mwenye mali, mwenye majina makubwa ya kutaja, na mwenye nia njema isiyotiliwa shaka. Hata hivyo hakuweza kuiendesha hospitali moja ndogo kijijini kwa nguvu ya hisani peke yake. Hospitali inahitaji barabara inayopitika, maji, mishahara ya kila mwezi na daktari asiyehama. Hayo hayaletwi na bakuli la michango. Tangu mwaka 1908 sheria ilikuwa imezipa halmashauri za kaunti uwezo wa kugharimia vituo vya wagonjwa wa kifua kikuu, ugonjwa uliowamaliza vijana wa Ireland; lakini uwezo ulioandikwa katika sheria hubaki karatasi mpaka wajumbe waliokaa kikaoni wapige kura ya fedha. Brodrick hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alikuwa miongoni mwa wauguzi waliodai taaluma yao isajiliwe kisheria, jambo lililotimia Ireland mwaka 1919, na mwaka 1914 alitoa ushahidi mbele ya tume ya kifalme iliyochunguza magonjwa ya zinaa, habari ambayo wanawake wa heshima hawakutarajiwa hata kuitaja kwa jina.

Kikao katika siku za hatari

Baada ya maasi ya Pasaka ya mwaka 1916 alijiunga waziwazi na harakati za uhuru, akawatembelea wafungwa waliozuiliwa Wales, na mwaka 1918 akazunguka kuwaombea kura wagombea wa Sinn Féin. Katika miaka ya vita vya uhuru, 1919 hadi 1921, akawa mjumbe wa Halmashauri ya Kaunti ya Kerry na mmoja wa wenyeviti wake wa akiba. Alikuwa anakaribia umri wa miaka 60.

Udiwani wa miaka ile haukuwa cheo cha kujivunia. Mwaka 1920 halmashauri nyingi zilitangaza utii kwa bunge jipya la Dublin, na London ikajibu kwa kuzinyima ruzuku. Kwa hiyo madiwani walilazimika kuamua, mikono ikiwa mitupu, hospitali ipi iendelee, nyumba ipi ya maskini iunganishwe na nyingine, na wafanyakazi walipwe kwa kutumia nini. Barabara zilikatwa, vikao vikafanyika kwa kujificha. Mwezi Novemba 1920 mji wa Tralee, makao makuu ya Kerry, ulibanwa na vikosi vya Serikali, maduka yakafungwa kwa siku kadhaa na watu wakakosa mkate. Brodrick aliwahifadhi wapiganaji nyumbani kwake, na nyumba yake ikashambuliwa. Pamoja na daktari Kathleen Lynn alifanya kazi na shirika la msaada la White Cross, akigawa chakula kwa familia zilizoachwa bila mtegemezi.

Wakatoliki wa Kerry walikubali kuwakilishwa na mwanamke Mwanglikana ambaye Jumapili alipiga kinanda katika kanisa dogo la madhehebu yake huko Sneem. Hawakumuuliza anasali wapi. Walikuwa wamemwona vitandani mwa wagonjwa wao, na hilo liliwatosha.

Pale bendera ilipomfunika mgonjwa

Tungeweza kuishia hapo, na simulizi lingekuwa zuri. Lakini lisingekuwa la kweli.

Mkataba wa Desemba 1921 ulileta amani na Uingereza kwa gharama ya mgawanyiko kati ya ndugu. Brodrick aliukataa kabisa. Katika Kerry vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vya kikatili kuliko karibu mahali pengine pote. Mwezi Machi 1923 askari watano wa Serikali mpya waliuawa kwa bomu huko Knocknagoshel. Siku iliyofuata, huko Ballyseedy, wafungwa tisa walifungwa pamoja kuzunguka bomu lililolipuliwa, na mmoja tu akaokoka. Mwezi Aprili askari wa Serikali walimpiga Brodrick risasi ya mguu, wakamkamata na kumpeleka gerezani Dublin, ambako aligoma kula. Aliachiliwa baada ya majuma mawili. Alikuwa na umri wa miaka 61.

Baada ya hapo njia yake ikawa nyembamba mwaka hadi mwaka. Wenzake wengi waliporudi bungeni pamoja na Éamon de Valera, yeye alibaki na wachache. Mwaka 1933 alijitenga hata na hao wachache, akaanzisha na Mary MacSwiney chama kingine cha wanawake, ambacho hakikupata wafuasi wengi. Alifariki tarehe 16 Januari 1955, akazikwa katika makaburi ya kanisa lake Sneem. Katika wosia wake aliacha sehemu kubwa ya mali yake, kiasi cha pauni 17,000, kwa wapigania jamhuri kama walivyokuwa katika miaka ya 1919 hadi 1921. Lakini mwaka 1955 watu hao walikuwa wapi? Kila kundi lilidai kuwa ndilo mrithi wao. Kesi ilikwama kwa miaka mingi, hadi mwezi Februari 1979 jaji alipoamua kwamba kipengele hicho cha wosia ni batili.

Hatumhukumu mtu ambaye Mungu peke yake anaujua moyo wake. Mtu aliyeiona nyumba yake ikivamiwa na majirani zake wakiuawa hawezi kupimwa na sisi tuliokaa kwa amani. Hata hivyo, mchungaji wa roho hawezi kulipita jambo hili kimya. Mwanamke aliyeifunga hospitali yake kwa kukosa fedha alikufa akiacha fedha ambazo hazikununua hata kitanda kimoja cha mgonjwa. Zilikaa mahakamani miaka 24, zikiisubiri Ireland ambayo haikuwapo tena. Mahali fulani njiani, pasipo mtu kutambua siku wala saa, mgonjwa aliyemwingiza katika siasa alifunikwa na bendera.

Hii ndiyo hatari ya kila mtu anayeingia katika utumishi wa umma akisukumwa na huruma. Huanza na mtu mwenye jina na kidonda. Kisha huja chama, kisha msimamo, kisha maadui, na mwishowe kile kidonda hubaki kuwa mfano wa kutaja katika hotuba.

Nayo Ireland yenyewe, iliyopigana kwa msaada wa wanawake hao, haikuwatendea vizuri. Constance Markievicz alikuwa Waziri wa Kazi mwaka 1919. Waziri mwanamke aliyefuata katika baraza la mawaziri, Máire Geoghegan-Quinn, aliteuliwa mwaka 1979, miaka 60 baadaye. Hadi mwaka 1973 mwanamke mtumishi wa Serikali alipoolewa alilazimika kuacha kazi. Katika miaka hiyo yote Kanisa lilikuwa na sauti kubwa nchini humo, na haitakuwa unyoofu kudai kwamba sauti hiyo ilitumika sana kuwafungulia wanawake mlango. Tunasema hivi kwa unyenyekevu, kwa kuwa Kanisa linalofundisha ukweli halipaswi kuuogopa ukweli kuhusu historia yake.

Upendo unaojenga daraja

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupatia lugha ya kuyaelewa haya. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Fratelli tutti wa mwaka 2020, alieleza kwamba kumsaidia mzee kuvuka mto ni tendo la upendo, na kwamba mwanasiasa anayejenga daraja anafanya pia tendo la upendo. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walikwisha kuwahimiza wenye uwezo wajiandae kwa kazi ya siasa, iliyo ngumu na yenye heshima. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake kwa wanawake ya mwaka 1995, aliwashukuru wanawake wanaofanya kazi katika nyanja zote, siasa ikiwamo, akitambua kwamba wanaingiza humo namna ya kumtazama binadamu ambayo dunia inaihitaji.

Tukisoma maisha ya Brodrick katika mwanga huo tunaona nusu mbili za ukweli mmoja. Anayevusha wazee mmoja mmoja bila kuuliza kwa nini hakuna daraja atachoka, kama hospitali ya Ballincoona ilivyochoka. Anayejenga daraja bila kumjua tena mzee yeyote kwa jina atalijenga mahali ambapo hakuna anayevuka. Muuguzi anafaa katika halmashauri kwa sababu anajua bajeti inaumiza wapi, nayo halmashauri haina budi kumrudisha mara kwa mara wodini asije akasahau.

Sisi tunaosoma haya tunao ushuhuda wa karibu. Marie Martin, mwanamke wa Ireland aliyewauguza majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza na baadaye akasomea ukunga, alingoja miaka mingi kwa sababu sheria ya Kanisa haikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Roma iliufungua mlango huo mwaka 1936, na mwaka 1937 akaanzisha Shirika la Wamisionari wa Afya wa Maria. Masista wake ndio waliofika kwetu Tanganyika wakahudumu Dareda na Makiungu. Wapo wasomaji wetu ambao bibi zao walijifungulia mikononi mwa masista hao. Hata ndani ya Kanisa, basi, ilibidi sheria ibadilike kwanza ndipo huruma ipate mikono ya kufanyia kazi.

Kwa hiyo tuulizane kwa uwazi. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo zetu za Kikristo wapo wauguzi, wakunga, wahudumu wa afya wa vijiji na akina mama wanaowatunza wagonjwa majumbani. Wanajua zahanati ipi haina dawa tangu mwezi uliopita na ni mjamzito gani alichelewa kwa sababu ya daraja lililochukuliwa na mvua. Mmoja wao akisema anataka kugombea udiwani, tunamwambia nini? Mara nyingi tunamwambia kwamba siasa ni mchezo mchafu, na kwamba mama mwenye heshima hafai kusimama majukwaani. Kisha tunamchagua mwingine, na mwaka unaofuata tunalalamika kwamba zahanati haina dawa.

Sisi mapadre nasi tujichunguze. Ni rahisi kwetu kuwaita akina mama wa WAWATA tunapohitaji chakula cha sherehe ya somo wa parokia. Je, tunawaita kwa wepesi huohuo tunapokaa kupanga matumizi ya fedha za parokia? Asiyezoea kusikilizwa katika halmashauri ya walei ya parokia yake atapata wapi ujasiri wa kusema mbele ya halmashauri ya wilaya?

Na kwa wale ambao tayari wamechaguliwa, wake kwa waume, tunatoa ombi moja. Walau mara moja kwa mwezi, mwende wodini au katika nyumba yenye mgonjwa. Msiende na kamera wala na msafara. Mkae, mumwulize hali, mtoke na jina lake, na siku ya kikao cha bajeti mlikumbuke jina hilo.

Tangu mwaka 2023 Ireland huadhimisha kwa mapumziko ya kitaifa sikukuu ya Mtakatifu Brigida wa Kildare, abesi ambaye mapokeo yanamkumbuka kwa mlango wake uliokuwa wazi kwa wagonjwa na maskini, na kwa kutowaogopa wakubwa wa zama zake. Ni mara ya kwanza mwanamke kupewa heshima hiyo katika kalenda ya nchi. Tumwombe atuombee, ili wenye mikono ya kutunza wapate nafasi ya kuamua, na wenye nafasi ya kuamua wasipoteze mikono ya kutunza.